Mshenga wa Maneno ya Kuazima

Wapendwa, kabla hamjasinzia, maana nawaona wale wa benchi la nyuma wameshaanza kuutafuta ukuta, nipeni masikio yenu nami niwape mkulima mmoja wa alizeti.

Mkulima huyu alikuwa mtu mwema, na tatizo lake lilikuwa moja tu: alikuwa mzito wa kujibu. Si kigugumizi, hapana, ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Ila ukimuuliza neno, hunyamaza kwanza. Unamuuliza, "Mzee, mvua itanyesha leo?" Anatazama chini, anatazama mbali, anashika kidevu, na wewe uliyeuliza unaanza kujuta. Akija kukujibu, umeshalowa.

Wenzake walimtania kwa hilo, na utani ulikuwa wa kawaida tu, usio na ubaya. Lakini kwenye vikao vya kijiji mwenyekiti alikuwa akimruka. "Tuendelee na mwingine, huyu bwana tutamsubiri mpaka mavuno." Watu wakacheka, naye akacheka nao. Kwenye misiba hakuombwa kusema neno. Kwenye harusi alipewa kazi ya kupanga viti. Na taratibu, bila mtu kumwambia, akaamini kwamba yeye hana maneno. Ndivyo tulivyo, wapendwa. Mtu akirukwa mara nyingi, mwishowe hujiruka mwenyewe.

Sasa, kaka yake alikuwa amefariki mapema, akaacha mtoto wa kiume. Mkulima akamchukua yule mtoto, akamlea kama wa kumzaa. Mtoto akakua akawa kijana, na kijana akampenda binti wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Binti naye akampenda. Vijana mnaotabasamu huko upande wa kwaya, tulieni, sijawataja. Mnajua wenyewe kwamba kwetu wawili kupendana ni nusu ya safari. Lazima aende mtu kwa wazazi wa binti, akae kwenye kiti cha ugenini, akaseme. Lazima awepo mshenga.

Kijana angeweza kumtafuta msemaji yeyote. Hakumtafuta. Alimwendea baba yake mdogo, akamkuta anahamishia kivulini magunia ya alizeti ya msimu uliopita, akasema, "Baba, naomba uende wewe."

Mkulima akanyamaza kama kawaida yake. Kisha akauliza, "Mwanangu, unataka kuoa au hutaki?"

"Nataka, baba."

"Sasa mbona unanituma mimi?"

Kijana akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kwa sababu wewe ndiye unayenijua. Mtu mwingine atakwenda kusema nini kuhusu mimi?"

Lilikuwa neno zuri, na lingetosha kumpa mtu moyo. Lakini hofu haina adabu, huingia hata mahali palipokwisha kufagiliwa. Mkulima alibaki na yale magunia yake, na kitu kimoja tu kikizunguka kichwani: huyu mtoto hana baba mwingine wa kumsemea, na huyu wa pekee aliyebaki hajui kusema. Nikienda nikakaa pale nikanyamaza, wataona tumewadharau. Watanirudisha. Nitamkosesha mwanangu mke, na atanisamehe, na huo msamaha wake nitakuwa nauona usoni kwake kila asubuhi.

Isitoshe, nyumba ile ya ng'ambo ilikuwa na sifa. Shangazi wa binti ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika mambo ya posa, na yule mama hakuwa wa mchezo. Alikwisha kuwarudisha washenga waliokuja na vilemba na bakora za heshima. Aliwapa chai, akawasindikiza mpaka njiani, akawatakia safari njema. Ukisindikizwa na shangazi yule, ujue posa imekufa.

Basi mkulima akafanya kitu ambacho wengi wetu tungekifanya. Akavaa shati safi akaenda kwa bingwa.

Bingwa huyu alikuwa mshenga wa tarafa nzima. Hakuna posa iliyomshinda, au ndivyo ilivyosemwa. Alikuwa na koti la kijivu, kikohozi cha kuanzia, na sauti nene inayoweza kumbembeleza ng'ombe avuke mto uliojaa. Mkulima akamweleza shida yake, akamwomba aende naye. Bingwa hakuuliza hata ni nyumba ipi.

"Siku hiyo nina posa kwingine, ndugu yangu," bingwa akasema, na alisema kwa huruma kabisa, maana hakuwa mtu mbaya. "Lakini usikate tamaa. Nitakupa maneno yenyewe. Maneno haya yamefungua milango mingi. Wewe kazi yako ni kuyabeba tu."

Akamkalisha chini akamfundisha. Si maneno peke yake, wapendwa. Alimfundisha wapi akohoe. Alimfundisha wapi aguse kofia, wapi ashushe sauti mpaka watu wainame kumsikia, wapi afungue viganja viwili mbele ya wenyeji. "Na ukifika hapa," bingwa akamwambia, "unacheka kidogo. Usicheke sana. Unacheka kama mtu aliyekumbuka jambo zuri." Mkulima, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kucheka bila kuchekeshwa, akajaribu. Bingwa akasema itafaa ikifanyiwa mazoezi.

Akafanya mazoezi. Alikuwa akienda katikati ya shamba, alizeti zikiwa zimemzidi kimo, akazihubiria. Anakohoa, anagusa kofia, anafungua viganja, anacheka kidogo. Siku moja mkewe akaja na uji wake, akasimama pembeni ya shamba amepigwa na butwaa.

"Baba watoto, unaongea na nani?"

"Na wakwe zetu."

Mkewe akaweka uji chini. "Nimesikia sauti nikafikiri tuna mgeni shambani," akasema. "Mpaka nimerudi nusu ya njia kwenda kuongeza kikombe."

Mkulima akafurahi. Alifurahi, jamani! Aliona amesifiwa. Mke wake amesikia mgeni, basi kazi imekamilika, yule mzito wa kujibu amekwisha kuondoka. Hakuutazama uso wa mkewe, na laiti angeutazama angeona hakuwa na furaha. Je, na sisi si ndivyo tufanyavyo? Mtu wa nyumbani mwako anakuambia hakutambui, nawe unasema asante.

Siku ya posa ikafika. Kijana akabaki nyumbani, maana desturi haimruhusu anayeombewa kuwepo. Akawasindikiza mpaka kwenye kivuko, akamshika baba yake mdogo mkono, na mkono wa kijana ulikuwa na jasho. "Baba, mimi sina wasiwasi," akasema, na kila mtu aliona kwamba anao. Mkulima na mkewe wakavuka.

Wakapokelewa vizuri. Wakawekwa kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, wakapewa salamu ndefu, wakaulizwa habari za mashamba, habari za mifugo, habari za njia. Baba wa binti alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa aliyoipakata mapajani. Shangazi alikaa kando yake kwenye kigoda, mgongo umenyooka. Dada mkubwa wa binti akaingia na birika, amefunga mtoto mgongoni, akawamiminia chai bila kuinua macho. Binti mwenyewe hakuonekana, kama ilivyo desturi.

Shangazi akasema, "Haya wageni, tumewaona, tumefurahi. Mtuambie basi kilichowatoa ng'ambo."

Mkulima akakohoa kile kikohozi. Mkewe akatazama sakafu. Mkulima akagusa kofia. Kisha akafungua kinywa, na sauti nene ikatoka.

"Wenyeji wetu, sisi ni majirani tulioishiwa moto. Kwetu mafiga yapo, kuni zipo, chungu kipo, moto ndio hatuna. Tukatazama ng'ambo ya mto tukaona moshi juu ya nyumba hii. Tukasema, nyumba yenye moshi haikosi kaa. Ndipo tumekuja kuomba kaa moja tukawashie kwetu."

Maneno matamu, au siyo? Mkulima mwenyewe aliyaona yakiteremka kama maji ya mfereji. Hakujikwaa popote. Kwa mara ya kwanza maishani watu wazima walikuwa wamekaa kimya wakimsubiri aendelee, na hakuna aliyemruka. Akashusha sauti pale pa kushusha. Akafungua viganja.

"Na kaa hilo tutalibeba kwa viganja viwili. Mvua haitalinyeshea, upepo hautalipiga. Na chozi, wenyeji wetu, chozi halitalidondokea kamwe."

Yule dada mkubwa akaweka birika mezani. Hakuliweka kwa kishindo, aliliweka taratibu kabisa. Akageuka, akapita nyuma ya pazia, na mtoto wake mgongoni. Baba wa binti akaanza kuitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Mgeni wetu," shangazi akasema, "hebu ngoja hapo hapo. Unamalizia wewe au nimalizie mimi?"

Mkulima hakuelewa.

"Nimalizie mimi," shangazi akasema. Akaketi vizuri, akashusha sauti pale pa kushusha. "'Maana kaa la nyumba njema, hata majivu yake yana joto.' Sivyo? Na hapo, mgeni wetu, ulitakiwa ucheke kidogo."

Oo, wapendwa. Mmewahi kusimama mbele za watu mkahisi ardhi inawaomba radhi kwa kutofunguka? Jasho lilimtoka mkulima mpaka kwenye nyayo. Alitafuta maneno yaliyofuata, hakuyaona. Alitafuta yake mwenyewe, nayo alikuwa ameyafukuza kule shambani ili kumpisha mgeni.

Shangazi hakuwa akicheka. Macho yake yalikuwa yamelowa, na ndipo mkulima alipojua kwamba hili si suala la yeye kuaibika.

"Huyo aliyeweka birika ni mtoto wetu wa kwanza," shangazi akasema. "Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa katika nyumba hii. Yalisemwa na mtu mwenye koti la kijivu, aliyekaa kwenye kiti hicho ulichokaa wewe. Sisi tukayapenda, tukapiga vigelegele. Mwaka haukwisha, kaa letu likamwagiwa maji. Alipigwa, mgeni wetu. Na unajua desturi: ndoa ikiingia shida, anayeitwa kwanza ni mshenga, kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Tukatuma mtu kwa yule bwana. Akatujibu kwamba kazi yake ilikwisha siku aliyokula wali wa posa."

Nyuma ya pazia mtoto alilia kidogo, akabembelezwa.

"Sasa mimi nakuuliza neno moja," shangazi akasema. "Huyo kijana unayemsemea, wewe unamjua?"

Hapo mkulima akanyamaza. Alinyamaza kwa namna yake ya zamani, ile ya kutazama chini na kushika kidevu. Mkewe akafungua mdomo amsaidie, mkulima akamwekea mkono gotini, polepole, yaani, mama watoto, niache. Baba wa binti akainua macho. Na mkulima alipokuja kusema, sauti yake ilikuwa nyembamba na ya kawaida, na mkewe, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama usoni.

"Namjua," akasema. "Maneno niliyosema si yangu. Nilikwenda kuyaomba kwa mtu. Niliona yangu ni machache, yatamharibia mwanangu. Mnisamehe. Sikujua yalishaingia humu, na sikujua yaliacha nini."

Akanyamaza tena. Hakuna aliyemharakisha.

"Kijana wangu ana hasira," akasema.

Mkewe akashtuka. Jamani, mshenga gani huanza na hasira za bwana harusi? Lakini mkulima alikuwa amekwisha kushika njia yake, na mtu mzito akishika njia humgeuzi.

"Ana hasira, sitawaficha. Tangu mdogo. Siku moja alivunja mlango wa banda la kuku kwa sababu mwenzake alimwita yatima. Lakini mlango aliutengeneza mwenyewe, na hajawahi kuinua mkono juu ya mtu. Nimemlea, ningejua. Akikasirika huwa anachukua jembe anakwenda kulima. Halisemi jambo mpaka jua lizame, halafu anarudi kulisema vizuri." Akafikiri kidogo. "Lile shamba langu la bondeni limelimwa kwa hasira zake. Mwaka aliokasirika sana, ndio mwaka tuliovuna sana."

Baba wa binti akacheka. Alicheka bila kupenda, akafunika mdomo kwa ule mkono mkubwa, na shangazi akamtupia jicho, lakini hata yeye midomo yake haikutulia.

"Siwezi kuwaahidi kwamba mtoto wenu hatatoa chozi," mkulima akaendelea. "Huyu mke wangu hapa amelia kwangu, na mara nyingine nilimliza mimi. Ninachoweza kuahidi ni hiki. Mkituma mtu kwangu mkasema, mtoto wetu analia, nitakuja. Na nitamsikiliza yeye kwanza, kabla ya kumsikiliza yule niliyemlea."

Akaishia hapo. Hakuwa na neno jingine. Akakaa na mikono yake magotini, akiamini kabisa kwamba ameharibu.

Shangazi akasema, "Posa hii mimi siijibu. Wa kujibu yuko nyuma ya pazia."

Pazia likasogea. Dada mkubwa akatoka, mtoto amelala mgongoni. Alikuwa bado mdogo kwa umri, lakini aliutazama uso wa mgeni kama mtu anayetazama nafaka kabla ya kuinunua.

"Baba," akamuuliza, "tukikuita kweli utakuja?"

Swali jepesi, wapendwa. Ninyi mngejibuje? Bingwa angejibuje? "Nitakuja, mwanangu, hata usiku, hata mvua ya mawe!" Mkulima akashika kidevu. Akatazama chini. Akatazama mlangoni, upande wa mto. Mkewe akafumba macho akaanza kuomba kimoyomoyo, maana aliona bahati ya mtoto wao inachungulia mlango wa kutokea.

"Masika ule mto hufurika," mkulima akasema mwishowe. "Kivuko hakipitiki, na njia ya kuzunguka ni ya siku mbili. Ukiniita wakati huo nitachelewa. Lakini nitakuja."

Yule dada akamtazama kwa muda. Kisha akamgeukia shangazi yake.

"Huyu amefikiria njia," akasema. "Yule wa kwanza nilimuuliza swali hilo hilo, akanijibu hata sijamaliza kuuliza."

Akaenda uani, akarudi na beseni na jagi la maji. Katika nyumba ile mgeni aliyekataliwa hupewa chai tu na kusindikizwa, lakini anayenawishwa mikono atakula, na akila amekubaliwa. Akapiga goti mbele ya mkulima, akammiminia maji. Mkulima akanawa, na wala hakuwa ameelewa, mpaka aliposikia mkewe anapiga kigelegele pembeni yake kama msichana.

Mnasema hadithi imekwisha? Haijakwisha. Ningekuwa mimi natafuta kuwafurahisha ningeishia hapa, tukaimba pambio. Ngojeni.

Siku chache baadaye bingwa alipita kwa mkulima, koti lake la kijivu begani. Alikuwa amesikia habari njema, akaja kwa furaha kabisa kupokea sehemu yake ya sifa.

"Nilikuambia!" akasema. "Maneno yamefanya kazi, au hayakufanya?"

Mkulima akanyamaza. Bingwa akasubiri huku anatabasamu.

"Yamefanya kazi yake," mkulima akasema. "Yamenipeleka kwenye nyumba unayodaiwa kurudi. Kuna binti kule ulimwahidi kwamba ukiitwa utakwenda. Alipigwa. Wakatuma mtu kwako, hukwenda. Nadhani bado hujachelewa. Nenda ukamwone."

Tabasamu la bingwa likapungua. Si kwamba alikasirika. Alikunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha jembe.

"Nyumba ipi hiyo?" akauliza.

Akaanza kuzitaja. Ile ya karibu na ghala? Ile ya mwalimu? Ile ya kwenye kona, yenye mbuzi wengi? Alitaja nyumba moja baada ya nyingine, sauti yake nene ikizidi kupungua unene, na uso wake ukizidi kuingia hofu, kwa sababu kila nyumba aliyoitaja alikuwa ameacha ndani yake maneno yale yale, na hakujua hata katika nyumba moja yamekuwaje.

Wapendwa, mtu huyo ni nani? Mnamtafuta benchi la mbele, mnamtafuta kwa yule mzee anayesali kwa sauti ya redio. Acheni kumtafuta huko. Ni sisi.

Wako humu ndani watu wanaoombwa kusema neno kwenye msiba wanakimbilia chooni. Nawafahamu. Na wako wanaosimama kwa fahari wakasema maneno yaliyokwisha kusemwa juu ya marehemu wengine wote: alikuwa nguzo, alikuwa taa, ameacha pengo. Yule mjane anakaa pale anasikiliza, na mtu aliyemzika hayumo katika hayo maneno. Je, wewe ulimwona akifanya nini? Alikuazima pampu ya baiskeli? Alikuwa na tabia ya kuimba vibaya akichota maji? Sema hilo. Mjane atalishika hilo, ataondoka nalo, ataliweka karibu na mto wake wa kulalia.

Msinielewe vibaya. Sikatai kujifunza kusema. Jifunzeni kupaza sauti ili mama zetu wa nyuma wasikie. Jifunzeni kutazama watu usoni badala ya kutazama feni. Jifunzeni kumaliza mapema, na kwa hilo mniombee na mimi. Nimewasikia mkikohoa. Lakini usijifunze kucheka pasipokuchekesha. Usiende kuomba sauti ya mtu ukaivaa juu ya ile uliyopewa na Muumba wako. Yeye hakukosea alipokupa sauti nyembamba, na hakukosea alipokupa ulimi unaofikiri kabla ya kutembea.

Mnaniuliza, ujasiri tutautoa wapi? Mkulima yule hakuwa na ujasiri alipovuka mto na maneno yaliyonyooka. Ujasiri ulimjia alipolijua jambo analolisema, na akawa tayari kuulizwa juu yake. Basi. Hofu ya kusimama mbele za watu karibu yote ni hofu ya kukamatwa na kitu kisicho chako. Ukisema uliloliona, nani atakukamata? Mikono itatetemeka, iache itetemeke. Utanyamaza katikati, nyamaza. Watu wanaokupenda watakusubiri, na wasiokusubiri hawakuja kukusikiliza.

Hata mbele za Mungu, ndugu zangu, tunakwenda na maneno ya kuazima. Tunamwahidi makubwa kwa sauti nene. Bwana nitakutumikia, Bwana nitawasaidia maskini, Bwana nyumba yangu ni yako. Halafu Jumatano maskini anabisha hodi, akija kuulizia ile ahadi ya Jumapili, nasi tunamwambia mtoto, kamwambie baba hayupo.

Basi wiki hii, mtakapoitwa kusema, kwenye kikao, kwenye harusi, hata mezani kwenu na mkeo anakungoja ujibu, simameni mkaseme machache yaliyo yenu. Na tusiseme kamwe neno ambalo, likirudi kutuulizia, halitatukuta nyumbani.

Amina.